Baba, Ndiyo Maana Zaka Hujaitoa?



Jioni moja hapa Biryogo, mimi na mwanangu tulisikiliza mahojiano marefu na Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepewa Nobel ya Uchumi mwaka 2002. Mwaka 1979, yeye na Amos Tversky walieleza kwamba uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi kilekile.

Mwanangu akaniuliza, "Baba, ndiyo maana zaka hujaitoa?"

Nikanyamaza. Mwaka ulishatimia, lakini zile faranga 25 kwa kila 1,000 niliziona hasara. Kumbe neno zaka lenyewe lina maana ya kutakasika na kukua! Baada ya sala ya Alfajiri nikawapelekea wanaostahiki.

Allah atukinge na ubakhili wa nafsi zetu. Amin.