Mtangazaji au Msomaji? Kisa cha Neno Nililolisahihisha

Katika tasnifu moja ya uzamili iliyoniangukia mezani miaka michache iliyopita, mwanafunzi alikuwa amemwita kila asomaye taarifa ya habari redioni "msomaji wa habari". Nami, kwa yakini ya mtu aliyezoea kusahihisha, nilitwaa kalamu nyekundu nikalikata neno hilo kila lilipojitokeza, na juu yake nikaandika "mtangazaji". Pambizoni niliongeza kwamba msomaji ni yule anayeipokea matini, na kwamba katika taaluma yetu neno hilo limekwisha kupewa kazi yake. Nilidhani nimemaliza.

Mwanafunzi alipokuja ofisini hakuleta ubishi. Aliketi, akaifungua tasnifu yake, kisha akauliza: "Daktari, mtu akikabidhiwa karatasi asiyoiandika, akaisoma kama ilivyo, ametangaza nini?"

Nilimjibu kwa sarufi, kama ilivyo ada yetu tunapobanwa. Kutangaza kunatokana na kutangaa, yaani kuenea na kujulikana kote. Kwa hiyo mtangazaji ni yule alifanyaye jambo litangae, na kiambishi -aji kinatuonyesha kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Jibu hilo lilikuwa sahihi, wala halikumfaa kitu. Akanisimulia.

Aliwahi kufanya kazi ya usiku katika kituo kimoja cha redio. Habari zilimfikia kwa Kiingereza, naye akazifasiri upesi upesi kabla ya kuketi mbele ya kipaza sauti. Usiku mmoja alipewa habari ya vibanda vilivyobomolewa sokoni, na katika karatasi ile wachuuzi waliitwa wavamizi. Akafasiri, akasoma. Asubuhi shangazi yake, aliyekuwa akiuza mboga katika soko hilohilo, alimpigia simu. Hakumlaumu kwa maneno mengi. Alisema tu: "Kumbe ndivyo ulivyotutangaza, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipolisikia upya neno nililolipigania. Kutangaza habari ni jambo moja. Kumtangaza mtu ni jingine, kwani ni kumwanika na kumtia midomoni mwa watu. Shangazi yule hakuwa na haja ya kamusi: alichomeka kiambishi cha mtendwa, akamkabidhi mpwawe dhamana yote ya karatasi ile. Kwake hakukuwa na mhariri wala mwandishi wa habari. Kulikuwa na sauti anayoijua.

Fauka ya hayo, pambizo yangu ilikuwa na kasoro ambayo ningepaswa kuiona mapema. Huko pwani kusoma si kupitisha macho kimoyomoyo peke yake. Maulidi husomwa, na msomaji wake ana hadhira iliyoketi mbele yake ikimsikiliza. Hakuyatunga asomayo, wala hakuna amdhaniaye kuwa ameyatunga. Redio zetu nazo zilijua hivyo tangu zamani, maadamu hutuambia kwamba taarifa ya habari "inasomwa na" fulani. Ni sisi wasikilizaji tunaomgeuza fulani huyo kuwa mtangazaji. Mpiga mbiu wa kale alikuwa na nafuu: alitajwa kwa kitendo chake, kuipiga ile pembe, na aliyemtuma alijulikana. Msemo kwamba mjumbe hauawi nao ulikuwa umekwisha kuwekwa akiba kwa ajili ya watu kama yeye.

Majina mengine hayatusaidii sana. Mwanahabari ni jamvi la wote, mpiga picha akiwemo; ripota ni wa nje, aliko tukio. Bahati njema hatujaona haja ya kumwita msomaji wa televisheni nanga, kama wasemao Kiingereza wamwitavyo. Kwetu nanga hung'olewa ndipo safari ianze, na vyombo vyetu vya habari vimeupenda mno msemo huo hata mashindano ya shule siku hizi hung'oa nanga.

Tulipofika hapo nilimkumbuka Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Alipotangaza mpira, maneno yalikuwa yake, yakizaliwa mdomoni pamoja na mbio za wachezaji. Huyo alikuwa mtangazaji kwa kila maana ya neno. Lakini Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waasi wa kikosi cha anga walimtoa nyumbani kwake, wakampeleka katika studio za Sauti ya Kenya na kumlazimisha awaambie Wakenya kwamba serikali imepinduliwa. Jaribio hilo lilizimwa siku hiyohiyo. Koo ni lile lile, kipaza sauti ni cha kazi yake ile ile. Ilhali anayemwita mtangazaji katika matukio yote mawili ameifumba tofauti iliyokuwa muhimu kuliko zote asubuhi ile.

Hata hivyo sikukubali kwa urahisi. Nilimwambia mwanafunzi kwamba yeye hakuwekewa bunduki kichwani, na kwamba msomaji laweza kuwa neno la kujifichia: mimi nilisoma tu. Isitoshe, yeye ndiye aliyefasiri. Kiswahili cha "wavamizi" kilitoka kwake. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Sijifichi, Daktari. Nataka iandikwe kwamba niliiona, nikaisoma." Sikuwa nimefikiri kwamba neno linaloonekana kumpunguzia mtu dhima laweza pia kumwongezea, kwani asomaye ameona kabla ya kusema.

Niliirudia tasnifu, nikayakata masahihisho yangu mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa. Nakala ile bado ninayo rafuni, imechafuka vibaya. Siku ya utetezi, mtahini wa nje alitaka kujua ni kwa nini neno "mtangazaji" lilikuwa limeachwa katika sehemu moja tu, ile ya mpira, na kama hilo lilikuwa kosa la uchapaji. Mwanafunzi alinitazama kwanza, halafu akaanza kumweleza.