Jiko la Mawe

Sisi watu wa Kivu tuliohamia Ufini tulitaka jiko la chuma, kwani lapasha nyumba upesi. Jirani mzee akacheka: lapoa upesi vilevile. Basi tukachagua la mawe ya sabuni, yachimbwayo huko Juuka. Uzito wake kilo 1500! Fundi akakataa kulijenga mpaka sakafu iimarishwe kwa zege, fedha ikatuishia. Lakini twawasha kuni kavu muda wa saa mbili tu, na joto ladumu hata asubuhi.

Usiku mmoja, kwa kulionea joto uchoyo, tulifunga bomba la moshi makaa yakiwa bado mekundu. Mtoto akalia kichwa, akatapika. Hewa ile ya sumu haina harufu. Tukafungua milango, tukamkimbiza hospitali, akapona. Sasa twachokoa majivu kwanza. Likiwako kaa moja jekundu, twangoja.