Nani Aseme "Tunaendaga"? Hesabu ya Mwaka ya Mtunzi wa Mafinga

Desemba inapokaribia kwisha, wenye maduka ya Mafinga hufunga milango mapema ili wahesabu mali iliyobaki rafuni. Wenye mashine za kupasulia mbao nao hukaa na makarani wao, wakalinganisha magogo yaliyoingia na mbao zilizotoka. Mtunzi wa hadithi hana mali ya kuhesabu, lakini naye ana namna yake ya kufunga mwaka. Makala haya yanamhusu mtunzi mmoja wa riwaya na hadithi fupi, mkazi wa mji huo, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa na desturi ya kuandika katika kauntabuku moja mambo matatu kila ufikapo mwisho wa mwaka: aliyoyaandika, aliyoyasoma na aliyoyatazama. Jina lake halihitajiki hapa, kwani swali lililojitokeza katika hesabu yake ya mwaka uliopita linawahusu watunzi wengi wa Kiswahili waishio mbali na pwani.

Mafinga ni makao makuu ya Wilaya ya Mufindi. Mji uko kando ya barabara kuu iendayo Mbeya hadi Zambia, yapata kilomita 80 kutoka Iringa. Karibu yake ni Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, na kwa hiyo maisha ya mji hufuata mbao: misindano, mikaratusi ya nguzo za umeme, malori, na zile mashine ndogo za kupasulia magogo ambazo wenyeji huziita dingidongi. Wilaya hiyohiyo ndiyo yenye kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kazi katika miaka ya 1980, wakati ambapo uhaba wa karatasi ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyokwamisha uchapaji wa vitabu nchini. Mtunzi huyu, basi, anaishi mahali ambapo mti hugeuka karatasi, lakini karatasi ikirudi imegeuka kitabu, mara chache sana kitabu hicho huwa kinawazungumzia watu wa hapo.

Kwa upande wa kuandika, kazi yake ya mwaka ilikuwa riwaya moja. Inamhusu mjane ambaye mumewe ameangukiwa na gogo kazini, naye anahangaika kutoka ofisi moja hadi nyingine akidai stahili za marehemu. Wahusika ni watu ambao mtunzi anawaona kila siku: mwenye mashine, karani wake, vijana wapakiao mbao, mama lishe, mchungaji, na jamaa wa marehemu wanaoitazama stahili hiyo kwa jicho lingine. Kufikia Novemba rasimu ilikuwa imekamilika. Lugha yake ilikuwa sanifu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, isipokuwa katika vinywa vya wahusika wawili, mama lishe na kijana mpakiaji. Hao ndio waliosema "tunaendaga", "anasemaga" na "ilikuwaga". Wengine wote, mjane akiwamo, walizungumza kama habari ya redio.

Kwa upande wa kusoma, orodha yake ilikuwa na vitabu vya zamani na vipya. Aliirudia tamthilia ya M. M. Mulokozi, *Mukwava wa Uhehe* (1979), na mara hii jambo lililomvutia lilikuwa lile jina lililo juu ya jalada. Kiswahili kimezoea kusema Mkwawa, na ndivyo ilivyoandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, uliotaka fuvu la mtawala huyo lirudishwe. Fuvu lilirudishwa mwaka 1954 na kuhifadhiwa Kalenga. Mulokozi, ambaye si Mhehe, aliandika Mukwava, akairudisha silabi ya mwanzo na sauti ya katikati karibu na kinywa cha wenyewe. Ni herufi mbili tu, lakini msomaji wa Iringa huzitambua mara moja. Zaidi ya hayo, hakuna anayecheka azisomapo, kwa sababu zimebebwa na mtawala aliyelishinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891.

Alimsoma pia Chachage Seithy L. Chachage, mzaliwa wa Njombe, aliyefariki mwaka 2006. Katika *Makuadi wa Soko Huria* (2002) Chachage aliichukua Rufiji na watu wake kuwa kioo cha kuonyeshea jinsi rasilimali za nchi zinavyochukuliwa. Ni riwaya kubwa kwa fikra, na mtunzi wa Mafinga aliandika katika kauntabuku yake kwamba Njombe imeipa Rufiji sauti; je, Njombe yenyewe itapewa sauti na nani? Hilo halikuwa lalamiko. Mwandishi yu huru kwenda popote hoja yake inakompeleka. Lilikuwa swali tu kuhusu kazi iliyobaki.

Kitabu cha mwisho katika orodha kilikuwa *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis (2022) ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Gurnah alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na kwa tafsiri hiyo mzaliwa wa Zanzibar alisomeka kwa lugha ya kwao. Katika riwaya hiyo kijana Yusuf anasafiri na msafara wa biashara kutoka pwani kwenda bara, na njiani tunasikia jinsi watu wa msafara wanavyowaita wenyeji wa bara washenzi. Gurnah hawaungi mkono wasemao hivyo. Anawaacha waseme ili msomaji awapime. Hata hivyo msomaji aliye bara husoma kurasa hizo akiwa amesimama upande wa pili, upande wa wale wanaotazamwa msafara ukipita.

Hapo ndipo kusoma kunapokutana na kutazama. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar. Kabla ya hapo Mafinga ilikuwa na redio, ambayo kwayo michezo ya kuigiza iliingia nyumbani kwa sauti peke yake. Baadaye yakaja mabanda ya video, na ndani yake sauti za wasimulizi kama Lufufu, waliozieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani. Mwaka 2011 Televisheni ya Taifa ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Mao Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na tangu hapo tamthilia za Kichina na za Kituruki zenye sauti za Kiswahili zimekuwa jambo la kawaida katika sebule nyingi. Mfalme wa Istanbul na mke wake wanagombana kwa Kiswahili fasaha. Si jambo baya kwa lugha. Lugha inayoweza kumsemesha kila mtu imekua.

Lakini katika tamthilia na vichekesho vya nyumbani mtunzi aliandika jambo jingine. Kila alipomsikia mhusika mwenye lafudhi ya Iringa, mhusika huyo alikuwa msichana wa kazi za ndani. Alikuwa amefagia, amechelewesha chai, amesikia siri ya wakubwa, na ametamka neno kwa namna ya kuchekesha. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi wasichana wa Iringa wamekwenda Dar es Salaam kutumika majumbani, na si aibu kuwaonyesha. Ajabu ni kwamba lafudhi hiyo haikusikika kwa daktari, wala kwa mwalimu, wala kwa mama anayemlilia mwanawe. Mfalme wa Istanbul amepewa Kiswahili cha heshima, ilhali mzaliwa wa Mufindi amepewa Kiswahili cha kuchekwa.

Kinyume cha hali hiyo mtunzi alikiona katika filamu ya Amil Shivji, *Vuta N'Kuvute* (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya 1999. Humo Yasmin na Denge wanapendana katika Zanzibar ya miaka ya 1950, na Kiswahili cha visiwani ndicho kinachobeba mapenzi yao pamoja na siasa za wakati wao. Mtazamaji hasikii lafudhi kama kichekesho, kwa kuwa wenye nayo ndio wenye fikra, wenye hofu na wenye kuamua.

Hesabu ingeishia hapo kama si jambo lililotokea wiki ya mwisho ya mwaka. Jioni moja ya mvua na baridi, mtunzi aliisoma sura moja ya riwaya yake kwa sauti mbele ya jirani mmoja, mama wa makamo ya uzee, wakiwa wameizunguka seredani ya mkaa. Ilikuwa sura ambayo mjane anafika ofisini kudai haki yake. Mama yule alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Mwanangu, huyu mama ni wa wapi?"

"Wa hapahapa, mama. Wa Mafinga."

"Na wa hapa wanaongeaga hivyo?"

Swali hilo lilijijibu lenyewe kwa umbo lake. Kwa mwanaisimu lina mambo kadhaa ya kutazamwa. Kiambishi -*ga* cha mwisho wa kitenzi, ambacho huonyesha mazoea au tendo la kujirudia, kina asili katika lugha nyingi za Kibantu za bara, zikiwamo Kihehe, Kibena na Kisukuma. Kimeingia katika Kiswahili cha wasemaji wa lugha hizo, na kwa sasa husikika hata Dar es Salaam. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja kwa maamuzi ya mwaka 1928 na kazi ya Kamati ya Lugha iliyoanza 1930, kina *hu*- kwa ajili ya mazoea. Hata hivyo *hu*- haichukui kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Asemaye "huenda" anahitaji muktadha ili ijulikane ni nani aendaye, na akitaka mazoea ya wakati uliopita hana budi kutumia njia nyingine, "alikuwa akienda". Msemaji wa Mafinga husema "alikuwaga anaenda", na mazoea, nafsi na wakati vyote vimo. Kwa hiyo -*ga* ina kanuni zake na kazi yake. Kuiita uzembe wa ulimi ni kutoisikiliza.

Haifuati, hata hivyo, kwamba mtunzi aimwage -*ga* kila mahali. Simulizi linahitaji lugha inayosomeka Mafinga, Mombasa na Bukavu, na usanifu umetupa lugha hiyo. Pia kuna gharama ambayo haifai kufichwa. Soko kubwa la riwaya ya Kiswahili nchini ni shule, na kitabu kitakachoonekana kuwafundisha wanafunzi umbo lisilo sanifu kinaweza kuachwa. Tuzo zipo, kama ile ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, au ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Lakini tuzo humpata mmoja, na watunzi ni wengi. Mtu aliyeandika mwaka mzima ana haki ya kuogopa kwamba silabi moja inaweza kukifungia kitabu chake mlango.

Kuna na hofu ya pili, iliyo kubwa zaidi. Masikio ya wasomaji yamekwisha kufundishwa na kioo cha televisheni. Mjane akisema "alikuwaga", huenda msomaji akacheka pale anapotakiwa kunyamaza. Yumkini hiyo ndiyo sababu watunzi wengi huwapa wahusika wao wazito Kiswahili sanifu: wanataka kuwalinda. Lakini ulinzi huo una matokeo yake. Kila mhusika mzito anapovuliwa usemi wa kwao, usemi huo hubaki kwa mpakiaji na mtumishi peke yao, na kicheko huzidi kupata ithibati. Kwa maneno mengine, kuingiza usemi wa Nyanda za Juu Kusini katika riwaya hakutoshi. Rasimu ya mtunzi huyu ilikwisha kuuingiza, lakini kwa mgawanyo uleule wa televisheni. Linalopaswa kuamuliwa ni nani apewe usemi huo, na aseme nao jambo gani.

Mtunzi aliamua kuigeuza rasimu. Mama lishe amebaki na usemi wake. Mwenye mashine, ambaye ni tajiri na mjanja, ameupata pia, kwa kuwa matajiri wa mbao wa Mafinga huongea hivyo wanapopatana bei. Karani amebaki na usanifu wake, kwa sababu karani huutumia usanifu kama kaunta ya kujikingia. Na mjane, anapofika mbele ya kaunta hiyo na kuambiwa kwamba jina la mumewe halimo katika orodha, sasa anasema: "Mume wangu alikuwaga anasaini hapa kila Jumamosi. Leo mnasema hamumjui?" Hapo -*ga* imebeba miaka yote ya Jumamosi hizo, na karani hana jibu.

Riwaya hiyo bado haijapata mchapishaji. Itakapofika mezani kwa mhariri, kalamu nyekundu itakwenda moja kwa moja kwenye silabi hiyo, kwa kuwa ndivyo wahariri wetu walivyofunzwa, na wengi wao wamefunzwa katika idara kama hizi zetu. Ni wajibu wa idara hizi, basi, kuwafunza pia kuuliza maswali mawili kabla ya kukata: anayesema hapa ni nani, na akisahihishwa atapoteza nini? Usanifu uliundwa ili watu wasikilizane. Mjane wa Mafinga akinyamazishwa kwa jina la usanifu, lengo hilo litakuwa limekosewa palepale lilipohitajiwa zaidi.