Sanduku la barua lenye sura ya nguva

Wewe msomaji huifuata barua yako posta, ufunguo mkononi, na pengine sanduku lenyewe ni la shule au kanisa. Vijijini Marekani, tangu 1896, tarishi ndiye humfuata mwenye barua hadi kando ya barabara ya kwake.

Hapo mwanzo wakulima walitundika chochote: makopo ya mafuta ya kupikia, hata visanduku vya sabuni! Mwaka wa 1915 ukaja mfano rasmi, bati lenye mgongo wa mviringo na kibendera chekundu cha kumjulisha tarishi kuwa kuna barua ya kuchukua.

Lakini nani aridhike na bati? Pita Florida uone sanamu za nguva zikikumbatia masanduku. Posta haikatai, mradi mkuu wake wa pale akubali na tarishi aweze kulifikia bila kushuka garini. Wengine huyazungushia matofali, maana vijana watundu hupita usiku wakiyaponda kwa marungu, ijapokuwa kosa hilo laweza kumfunga mtu miaka 3.

Ukifika mji wa Casey, Illinois, utapanda ngazi uingie ndani ya sanduku lililotambuliwa 2015 kuwa kubwa kupita yote duniani. Usicheke: ukitia barua humo, inasafiri.