Siku Tuliyompeleka Baba Irente

Sisi tukaao karibu na mji wa Lushoto, katika milima ya Usambara, twaulizwa mara nyingi na wageni habari za mwamba wa Irente, nasi twawaonyesha njia kwa kidole, kisha twarudi kazini kwetu. Mgeni husafiri siku nzima kutoka Dar es Salaam, akapanda zile kona zote za kutoka Mombo, ili asimame juu ya mwamba ule nusu saa tu. Kwetu sisi ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini, tena katika njia pana isiyo na taabu, na mwaka waweza kwisha tusifike. Twaungama ya kuwa katika umri wetu wa miaka 46 twalikuwa tumefika mara tatu tu, na mara mbili katika hizo twalikuwa tukiwaongoza wengine.

Aliyetuondoa katika uvivu huo ni baba yetu. Macho yake yalianza kuingia giza pembeni, hata akawa kama mtu achunguliaye ndani ya mwanzi. Daktari akampima, akatuambia kwamba ni ugonjwa wa presha ya macho: dawa ya matone yaweza kuuzuia usiendelee, lakini nuru iliyokwisha kupotea hairudi tena. Baba alisikiliza, akanyamaza njia yote. Tulipofika nyumbani akasema, "Mwanangu, nipeleke Irente ningali naona." Tukastaajabu sana, kwa kuwa maisha yetu yote hatukupata kumsikia akipataja mahali pale.

Twalikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa Julai. Baba ana miaka 81, basi tukampakia katika pikipiki ya kijana wa jirani, naye kijana akaamriwa aende polepole. Sisi tukafuata kwa miguu pamoja na binti yetu wa miaka 8. Njia yapita kati ya mahindi na migomba, kisha yafika Irente penyewe, penye shule ya watoto wasioona, na shamba ambapo watu hununua mkate, jibini na jemu. Mbele ya shule ile tuliikuta pikipiki imesimama. Baba alikuwa akiwasikiliza watoto waliokuwa wakicheza uani. Hakusema neno, wala sisi hatukumwuliza.

Hata tulipofika mwambani hatukuona kitu. Julai ni mwezi wa baridi kwetu, na ukungu ulikuwa umefunika yote, mweupe kama pamba. Tukaketi tukijifunika mablanketi. Binti yetu akalia kwamba amedanganywa. Tukangoja hata saa tano, ndipo jua likapata nguvu, na ule ukungu ukaanza kupasuka vipande vipande.

Kwa ninyi msiopata kufika, twaweza kusema hivi tu: ardhi hukatika. Unakwenda katika majani kama uendavyo shambani mwako, mara hakuna nchi mbele ya miguu yako, na chini yako, karibu mita 1,000, iko Mazinde. Mwewe huruka chini yako, nawe ukamwona mgongo. Mashamba ya mkonge yamepigwa mistari iliyonyoka, barabara kuu ni kama uzi, na reli ni uzi mwembamba zaidi. Kisha ni nyika, nyika hata macho yachoke, na upande wa kulia milima ya Upare. (Wazazi, mshikeni mtoto mkono tangu mbali. Sisi tulimshika wetu hata akalalamika kwamba vidole vyamwuma.)

Wazee wetu waliita huku juu Shambaai, na kule chini nyika, nao waliiogopa nyika kwa joto lake na homa zake. Walakini watu hawakuacha kushuka. Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862, alikaa Mazinde kwa kuwa ndiko ilikopita misafara, na pamoja na misafara bunduki na nguo. Baadaye ikaja reli, iliyofika Mombo mwaka 1905, ukaja na mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyotumwa, ni 62 tu iliyofika ingali hai. Kutoka miche hiyo michache nchi yetu ikafika kutoa tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mikono iliyoukata ilikuwa ya vijana kama baba yetu.

Maana alishuka mwaka 1961, akiwa na miaka 18. Hayo twaliyajua. Sababu yake hatukuijua hata siku ile mwambani.

"Babu yako aliuza mtamba niliouchunga mimi," akasema. "Nalitumaini ndio mahari yangu. Nikaondoka usiku pasipo kumwaga." Akanyosha fimbo yake. "Kambi yetu ilikuwa kule, penye miti ile. Tita moja majani 30, na mnyapara akihesabu. Jioni, nikiisha kuhesabiwa, nalitazama huku juu. Jua la kushuka huufanya mwamba huu kuwa mwekundu. Nikasema, nikipata fedha ya mtamba nitapanda, nimwonyeshe."

Alipopanda, mwaka 1963, baba yake alikuwa amezikwa miezi minne. Ndipo nyanya yetu alipomwambia kwamba mzee, kila siku ya gulio, aliacha wenzake mjini, akaja mwambani peke yake, akaketi akitazama Mazinde.

"Basi sikutaka kupaona," akasema Baba. "Labda mama alisema hivyo ili niumie. Alikuwa na haki."

Binti yetu akauliza, "Babu, mtu wa chini aonekana kutoka hapa?"

"Haonekani. Hata ng'ombe haonekani."

Akafikiri kidogo. "Lakini moshi waonekana. Ule pale."

Na kweli, karibu na miti ile moshi ulikuwa ukipanda wima. Baba akaugeukia upande wake. Kama aliuona au hakuuona, hatuwezi kusema. Akamwambia mjukuu wake amhesabie vitu vyote avionavyo, kimoja kimoja, naye akahesabu: gari jekundu, bati, bati jingine, mto usio na maji. "Huo si mto," Baba akasema, "ni njia ya trekta." Wakaendelea hivyo muda mrefu, wakibishana, nasi tukakaa nyuma yao tumeshika pindo la koti la mmoja na mkono wa mwingine.

Tulipokuwa tukirudi tulisimama shambani kununua mkate. Baba akauliza bei yake, akasema ni ghali mno, akala nusu nzima peke yake.