Pikipiki Mpya, Kilomita 430

Wengi mmeuliza mbona pasta anaenda pole na pikipiki ni mpya. Hata boda zenye abiria wawili zinanipita zikinipigia honi!

Fundi alinionya: kilomita 500 za kwanza nisipite 50 kwa saa, nisibebe mzigo mzito, na nisishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu. Ringi za pistoni na silinda bado zinazoeana.

Nilitii mpaka Jumanne. Saa tano usiku simu ikalia: mzee wetu amezidiwa, mama yuko peke yake naye. Kwa ule mlima nilivuta mafuta mpaka mwisho. Injini ikalia, joto likanipanda magotini. Nilimkuta bado ana fahamu. Akanishika mkono, tukaomba. Alfajiri Bwana akamchukua.

Jana fundi amemwaga oili ya kwanza. Nyeusi, na inametameta vumbi la chuma. Akasema hilo ni kawaida kwa injini mpya. Kisha akanitazama. “Lakini pasta, ulikimbia.”

Nikakubali.

Mazishi ni Ijumaa, wapendwa. Mimi nitatoka nyumbani mapema.