Kiporo cha Toscana

Sijawahi kumsikia mtu akilitamka neno kiporo kwa heshima. Ukifika kwa watu ukaambiwa "leo tulikuwa na kiporo tu," ujue mwenyeji anaomba radhi. Nyumbani kwetu Korogwe neno lenyewe halikutajwa. Baba alikulia kwenye kambi ya mkonge, mtoto wa manamba aliyeletwa kutoka Njombe, na alipoanza kupokea mshahara wa ualimu alijiapiza kwamba wanawe hawatakula chakula cha jana. Kilichobaki usiku walipewa kuku. Hata makande, ambayo kila mtu anajua hukolea siku ya pili, kwetu yalipikwa na kumalizwa siku hiyo hiyo.

Sasa chakula nilichokipenda kuliko vyote katika miaka yangu miwili ya masomo Italia ni kiporo, na wenyewe wala hawafichi. Ribollita maana yake ni "iliyochemshwa tena".

Nilikila Toscana, mashambani kusini mwa Siena, mwanzoni mwa Novemba 2019. Sikukuu ya Watakatifu Wote iliangukia Ijumaa, kwa hiyo wanafunzi wanne tulichanga pesa tukakodi vyumba viwili kwenye nyumba ya shamba. Nyumba ya mawe, kuta nene, na chini, palipokuwa zizi la ng'ombe, pamegeuzwa chumba cha kulia. Mwenye nyumba alikuwa mama wa miaka sabini na kitu. Mchana tulimsaidia kuchuma zeituni, au niseme tulimchelewesha, maana tulikanyaga nyavu alizotandika chini ya miti kila tulipogeuka. Jioni akatuwekea sufuria mezani.

Ukikiona kwa mara ya kwanza hakivutii. Ni uji mzito wa kijani kilichofifia, kijiko kinasimama. Ndani yake mna maharage meupe, nusu yamepondwa na nusu mazima, kitunguu, karoti, seleri, kabichi, na majani marefu yenye mikunjo wanayoyaita cavolo nero, karibu meusi kwa ukijani. Halafu mna mkate mkavu uliolowana mpaka huwezi kusema unaanzia wapi. Juu yake alimimina mafuta ya zeituni yaliyokamuliwa wiki ile, ya kijani, yanayowasha koo kama pilipili iliyochelewa. Nilikula sahani tatu. Sikuwa na njaa kiasi hicho.

Mkate wenyewe hauna chumvi hata chembe. Watoscana huuita sciocco, neno ambalo kwao lina maana ya kukosa chumvi, na kwa Waitaliano wengine lina maana ya mpumbavu. Kwa nini wanaoka hivyo? Wengine wanasimulia kwamba zamani Pisa waliwazuilia Firenze chumvi, wengine wanasema ni kodi tu. Dante, aliyefukuzwa Firenze mwaka 1302, aliutaja uchumvi wa mkate wa watu wengine miongoni mwa machungu ya uhamishoni, na mtu aliyewahi kula kantini ya chuo ugenini hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Yule mama alitusimulia habari ya nyumba. Baba yake hakuwa mwenye shamba. Alilima kwa mkataba wa mezzadria, neno linalotokana na nusu: nusu ya mavuno yako, nusu ya tajiri, na juu ya hapo mayai na kuku wa kupeleka kwake kila sikukuu. Mkate ulioganda haukutupwa kwa sababu ngano yake ilikuwa imeshagawanywa mara moja. Mikataba mipya ya namna hiyo ilikatazwa kwa sheria mwaka 1964. Wakulima walikuwa wameanza kuhamia mijini, nyumba zikabaki na popo. Kisha likaja wimbi la watalii, na sheria ya mwaka 1985 ikawapa wakulima utaratibu wa kupokea wageni mashambani. Ndivyo ilivyotokea kwamba mjukuu wa manamba alilala katika nyumba ya mkulima wa nusu kwa nusu, akalipia, na kusifia kiporo chake. Nililifikiria hilo usiku ule na sikumwambia mtu.

Mwaka jana presha ya Baba ilipanda na daktari akamkataza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Mama, ambaye hajui kufanya jambo nusu, aliiondoa yote. Mchicha bila chumvi, samaki bila chumvi, ugali ukabaki ugali. Baba akaanza kusukuma sahani. Suruali zake akazikaza kwa tundu la mkanda alilolitoboa mwenyewe kwa msumari. Mama alinipigia simu Dar: "Njoo umwone baba yako. Anakula kama ndege."

Nikaukumbuka ule mkate mpumbavu. Sikujidanganya kwamba ni dawa. Watoscana wanaula na nyama ya nguruwe na jibini zenye chumvi ya kukausha midomo. Nilichokumbuka ni kwamba kuna watu wanaokula mkate usio na chumvi maisha yao yote na hakuna anayewahurumia.

Vitu vingi vilipatikana Korogwe kwa urahisi ulionishangaza, kwa sababu mboga za Lushoto hushukia pale. Cavolo nero hakuna, lakini ipo sukuma wiki, ndugu yake wa damu kabisa: zote ni za jamii moja na kabichi, za ukoo usiofunga kichwa. Toscana huongeza pia bietola, na bietola ndiyo hiyo hiyo tunayouziwa sokoni kwa jina la spinachi. Maharage meupe nililoweka usiku, nikayachemsha polepole na kitunguu saumu. Mafuta ya zeituni nilitoka nayo Dar, chupa ndogo, bei kubwa.

Mkate ndio ulikuwa kazi. Boflo la dukani ni laini na lina sukari. Ukiliweka kwenye supu linakuwa gundi. Nikakanda wangu: unga, maji, hamira, basi. Chumvi huipunguza hamira kasi, na isipokuwepo, kwa joto la Korogwe, donge linaumuka kama lina mkutano. Nililioka kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya sinia, kama Mama anavyooka keki ya Krismasi. Kisha nikakata vipande nikavianika kwenye ungo, maana unyevunyevu wetu ungevipa ukungu kabla havijakauka.

Baba alipita akakuta ungo juani.

"Mama, unaanika mikate?"

"Ndiyo, Baba. Ya kupikia."

Akautazama ungo, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Nilipika Jumamosi. Vitunguu, karoti na seleri zilikaa kwenye mafuta kwa moto mdogo karibu nusu saa. Hapo ndipo ladha inapotoka, na chumvi ikikosekana huwezi kuharakisha. Zikafuata mboga, maharage na maji yake, mwisho mkate kwa tabaka. Nikafunika. Mama alipoambiwa hakiliwi mpaka kesho yake aliangalia mlango wa sebuleni, alikokuwa Baba akisikiliza redio, akashusha sauti: "Wewe, umemwambia?"

Nilimwambia Jumapili mezani, kabla hajashika kijiko, kwa sababu sikutaka ale asichokijua. Nikamweleza jina, nikamweleza yule mama na mayai ya sikukuu. Alisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari, kidole kikiwa mdomoni.

"Walipewa nusu?"

"Nusu, Baba."

"Sisi tulikuwa na kipande." Akaniambia kuhusu ile kadi ya siku 30, na jinsi Babu alivyoweza kukata mkonge siku nzima na siku isiandikwe kwa sababu mzigo haukutimia. Siku kama hizo walikula ugali wa jana na maji yenye chumvi. Chumvi ndiyo ilikuwa mboga. Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo, na nadhani Mama pia, kwa jinsi alivyoacha kupakua.

Alikula polepole. Alikamulia ndimu, ambayo hakuna Mtoscana angekubali, na kwa kweli ilipendeza. Alimaliza sahani, akafuta kwa kidole.

"Hiki si kiporo," alisema. "Haya mafuta uliyanunua shilingi ngapi?"

"Elfu thelathini, Baba."

Akanyamaza. Akaigeuza chupa kwenye mwanga wa dirishani, akaisoma karatasi yake yote, maandishi ya Kiitaliano asiyoyajua.

"Haya, ongeza," akasema, akisogeza sahani. "Na mafuta kidogo."